Ana Nafuu

Mratibu wa wafadhili alivua viatu mlangoni, ingawa aliambiwa mara mbili asijisumbue, na soksi zake nyeupe zikakanyaga sakafu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi hiyo kwa ajili yake. Alikuwa msichana mwenye adabu. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye watu walimtafutia pembe na mkia, na hakuwa navyo.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alikuwa ameegemezwa mito kitandani, kitanda chenyewe kikiwa sebuleni kwa sababu chumbani hakuna tundu la umeme. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikata mawe ya sakafu na ya makaburi maisha yake yote, na vumbi la mawe hayo likamwingia kifuani likajenga. Puani alivaa kimpira chembamba kilichotoka kwenye mashine ya oksijeni iliyonguruma pembeni ya kitanda. Alivuta hewa kwanza, akaikusanya, ndipo akajibu.

"Marahaba."

Neno moja, na ilibidi apumzike baada yake.

Nyuma ya mratibu aliingia Mwenyekiti, na kila mtu chumbani akanyooka kidogo, hata mgonjwa. Huyu hakuhitaji kukaribishwa. Kikundi chake cha afya hakikuwa na jengo wala gari. Kilikuwa na akina mama kadhaa, kabati moja la dawa, na hiyo mashine. Gurudumu lake lilipovunjika, Mwenyekiti aliibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto, akapanda nayo kilima, na siku hiyo hiyo akateremka kuuza mboga zake. Alikianzisha kikundi baada ya kijana wake kufa akitafuta pumzi, wodi ya watu wenye pesa ikiwa na mitungi imepangwa ukutani kama chupa za soda. Habari hiyo hakuwa akiisimulia. Watu waliijua tu.

Mashine nayo ilikuwa na jina. Iliitwa Mgeni, kwa kuwa ilihama nyumba hadi nyumba kumfuata aliyezidiwa. "Mgeni yuko kwa nani?" watu waliulizana dukani. Wazee wakajibu kwa ile methali, mgeni njoo mwenyeji apone, na mara hii methali ikawa kweli tupu. Mwenyekiti aliiwekea sheria moja, akaishika kuliko katiba: Mgeni haporwi. Haondoki ndani ya nyumba mpaka mwenyeji mwenyewe, kwa kinywa chake, aseme sasa anaweza kusindikizwa. Sheria hiyo iliwekwa ili mwenye sauti kubwa asimnyang'anye mwenye sauti ndogo. Ilikuwa sheria nzuri.

Mratibu aliketi ukingoni mwa kiti, akaeleza. Kulikuwa na tuzo. Viongozi wa vikundi vidogo wanaopigania afya iwafikie watu wote kwa usawa wangetuzwa Jumamosi, hotelini, mbele ya wageni wazito. Mwenyekiti alikuwa mmoja wa wachache waliobaki kwenye mchujo wa mwisho. Na kikundi kitakachoshinda kingepewa mashine tano.

"Tano," alisema Mama Pasi. Huyo alikuwa mke wa Fundi, aliyeishi kwa kupiga pasi nguo za watu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake tu.

"Tano mpya, mama. Sasa, waheshimiwa wanapenda kuona. Picha haitoshi. Tungeomba mashine yenyewe ipande jukwaani. Na mnufaika mmoja aseme maneno mawili."

"Mnufaika ndiyo nani?"

"Ninyi."

Mama Pasi alilipokea neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa nguo asiyojua huvaliwa mbele au nyuma.

"Na baba atapumulia nini hiyo Jumamosi?" aliuliza binti yao. Alikuwa msusi, vidole vyake vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na alikuwa amesimama mlangoni makusudi ili asiambiwe akae.

"Tutaleta mtungi wa oksijeni. Atakuwa nao mchana wote. Jioni mashine inarudi hapa hapa." Mratibu akamgeukia mgonjwa kwa upole wa kweli. "Lakini ni mpaka mzee mwenyewe aridhie. Mwenyekiti amenieleza utaratibu wenu. Umenifurahisha sana."

Basi macho yote yakaenda kitandani. Mwenyekiti alikohoa. Alizitazama kucha za Fundi juu ya shuka, naye alikuwa mwanamke aliyejifunza kusoma kucha, jinsi zinavyogeuka buluu hewa inapopungua mwilini. Kisha akatazama dirisha.

"Fundi," alisema, "unaendeleaje?"

Na hapa ndipo jambo lote lilipofanyika, mchana kweupe, watu wazima wakiwa wameketi na heshima zao. Sisi tuna jibu moja la swali hilo. Mtu amevunjika mguu, unamuuliza habari, anakwambia nzuri. Nyumba imeungua, anasema salama, isipokuwa nyumba imeungua. Mgonjwa yuko ukingoni, watu wake wanasema ana nafuu, tunashukuru, kwa sababu kusema vinginevyo ni kumtwika mgeni mzigo aliokuja bila kujitayarisha kuubeba. Anayeuliza anajua. Anayejibu anajua kwamba anayeuliza anajua. Siku zote hakuna anayedhurika.

"Nafuu," alisema Fundi. Akavuta. "Nina nafuu. Mgeni... aende. Msindikizeni."

"Ana nafuu, tunashukuru," aliongeza Mama Pasi haraka, kama mtu anayefunika chungu.

"Juzi hakulala," alisema msusi. "Jana pia."

"Wewe!" mama yake akamkata jicho.

Mratibu akatabasamu kwa huruma, akainuka. Aliambiwa kwa kinywa cha mgonjwa mwenyewe. Angefanya nini zaidi?

*

Wageni walipotoka, nyumba ililipuka kwa maneno.

"Mama, baba ana nafuu ya wapi? Nionyeshe mimi nafuu hiyo, iko chini ya mto gani?"

"Punguza sauti."

"Nisipunguze! Mgeni akizimwa kidogo tu tufagie nyuma ya kitanda, midomo ya baba inakuwa ya zambarau. Na wewe unasema tunashukuru. Tunashukuru nini?"

Mama Pasi alikuwa amekwisha kwenda uani kupuliza makaa ya pasi. Pasi yake ya umeme ilikuwa rafuni tangu Mgeni aingie, maana tokeni moja ya umeme haiwezi kulisha vyote viwili, na mume anakuja kabla ya mashati ya watu. Mbele yake kulikuwa na furushi la fulana mpya, zote za samawati, zote zimeandikwa kifuani AFYA NI HAKI. Kikundi kingezivaa Jumamosi. Juu ya furushi lilikunjwa gauni la Mwenyekiti, la kuazima, lililonuka kabati la mtu mwingine. Mratibu alikuwa ameomba kwa adabu kama mama anaweza kuzinyoosha, na malipo hayakutajwa, kwa kuwa mambo ya tuzo si mambo ya malipo.

"Sikiliza," alisema, akijaribu joto la pasi kwa tone la mate. "Huyu mwanamke alikuja hapa na mvua. Alimbeba Mgeni mgongoni. Hakuuliza una nini, una nani. Miezi yote hii baba yako yuko hai kwa ajili yake. Leo yeye ana siku moja, moja tu, ya watu kumpigia makofi. Mimi ndiye niwe jiwe njiani?"

"Si jiwe. Kusema kweli tu."

"Kweli unaisema wewe ambaye hujawahi kudaiwa fadhila."

Msusi alirudi ndani akaketi ukingoni mwa kitanda. Baba yake alimpapasa mkono.

"Mashine tano," alisema Fundi. "Yule bibi wa... kona. Mtoto wa... fundi viatu. Wanangoja mimi..." Hakumalizia. Lakini binti alielewa, naye akachukia kwamba ameelewa. Kila nyumba inayomkaribisha Mgeni hujua ni nani anayefuata, na baadhi ya usiku mwenyeji humsikia anayefuata akikohoa ng'ambo ya ukuta.

"Wangoje," alisema msusi. "Baba, tafadhali. Waambie umezidiwa. Neno moja tu."

Fundi akacheka kwa macho, maana kifua hakikuwa na nafasi ya kicheko.

"Nimeshasema," alijibu. Alikuwa mtu wa kazi. Bei akishaitaja haibadilishi, hata jiwe likimshinda.

*

Jumamosi gari lilikuja mapema kuliko ilivyosemwa. Dereva na mwenzake waliteremsha mtungi mrefu wa kijani, wakausimamisha pembeni ya kitanda, wakaanza kuzungusha waya wa Mgeni.

"Ngojeni," alisema msusi. "Huu unafunguliwaje?"

Ulikuwa mtungi mpya, mzito, umejaa. Lakini juu hapakuwa na kile kichwa cha shaba chenye saa ya kupimia, ambacho mpira hufungwa hapo. Bila kichwa, mtungi ni chuma tu.

"Kichwa kiko kwenye gari la pili," alisema dereva. "Liko nyuma yangu, linafika sasa hivi. Mimi nikichelewa na mashine hii nitafukuzwa kazi, dada yangu, naapa."

Mama Pasi alisimama katikati ya chumba amevaa fulana ya samawati juu ya sketi yake ya kanisani, nywele zimesukwa upya na binti yule yule aliyekuwa hasemi naye. Alitazama mtungi. Akamtazama mume wake. Mwenyekiti angekuwepo angejua la kufanya, yeye na mitungi walizoeana. Lakini Mwenyekiti alichukuliwa alfajiri kwenda kupakwa poda na kufundishwa aingilie upande gani.

"Nibaki?" alimuuliza mumewe.

Fundi alikwisha kujivua kimpira mwenyewe. Alikikunja vizuri, akakiweka juu ya mashine, kama mtu anayemfungia mgeni mzigo wake wa safari.

"Nenda," alisema. "Ukaseme vizuri."

Mgeni akazimwa. Ukimya uliobaki ulikuwa wa kutisha, maana wote walikuwa wamesahau kwamba nyumba yao inaweza kunyamaza. Mama Pasi alisikia pumzi ya mumewe peke yake kwa mara ya kwanza tangu mvua zile, jinsi ilivyokuwa fupi na yenye mchanga ndani. Aliisikia. Akapanda gari.

*

Hotelini walimweka chumba cha nyuma pamoja na wanufaika wengine: mama wa mapacha, kijana wa mguu wa bandia, na mwanamume mmoja ambaye hakuna aliyejua ananufaika na nini. Msichana mwingine alipita na kikapu akikusanya simu.

"Zisije zikalia wakati wa hotuba, mama. Mtachukua mkitoka."

"Yangu niiache. Nina mgonjwa nyumbani."

"Nitakuwa nazo mimi mwenyewe. Ikilia nakuita." Alisema hivyo akiwa na haraka, na akazizima zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

Kupitia upenyo wa pazia Mama Pasi alimwona Mgeni jukwaani. Walikuwa wamemfuta, wakamfunga utepe mwekundu kiunoni. Mtu wa mitambo alimchomeka, akamngurumisha, mshereheshaji akajaribu kipaza sauti akakunja uso.

"Zima hilo dude. Linameza sauti."

Likazimwa. Likasimama na utepe wake, zuri, halitoi kitu.

*

Gari la pili halikufika. Lilikuwa limepewa kazi nyingine njiani, kumfuata mgeni rasmi ambaye gari lake liligoma, na kile kichwa cha shaba kilizunguka mjini ndani ya boksi chini ya kiti cha mheshimiwa, siku nzima, pasipo mwenyewe kujua amekalia nini.

Msusi alimpigia mama yake. Akapiga tena. Akampigia Mwenyekiti. Akampigia mratibu, na sauti iliyorekodiwa ikamwambia kwa Kiswahili safi kwamba mtumiaji hapatikani. Aliyafungua madirisha yote, akampepea baba yake kwa mfuniko wa ndoo, kisha akamwita jirani akae naye, akakimbia mpaka kwa mchomeleaji vyuma wa barabarani, maana alikumbuka kuona mitungi kwake.

Mchomeleaji hakuuliza maneno mengi. Aling'oa kichwa kwenye mtungi wake, akaja mbio na miwani yake nyeusi kwenye paji la uso. Alikijaribu. Akageuza. Akajaribu tena, jasho linamdondoka juu ya shuka la mgonjwa.

"Hakishiki," alisema. "Njia za nati ni tofauti. Nikilazimisha utapasuka utuue wote."

"Lazimisha."

"Dada..."

"Nimesema lazimisha!"

Hakulazimisha. Aliupiga mtungi kwa kiganja, mara moja, kwa hasira ya mtu anayejua kufungua kila kitu. Ndani yake mlikuwa na hewa ya kumtosha Fundi hadi kesho, na ilikuwa karibu naye kuliko glasi ya maji. Jirani alikwenda kutafuta teksi. Msusi alipanda kitandani nyuma ya baba yake, akamkumbatia, akamwinua akae wima kifuani pake. Alihisi mbavu zikipanda na kushuka kwa pupa, halafu si kwa pupa tena.

"Baba. Unajisikiaje?"

Aliuliza kwa kuwa hakuwa na la kusema jingine. Fundi aligeuza kichwa upande wa sauti. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri.

"Nafuu," alisema.

*

Mama Pasi alisema vizuri. Hata waliomwonea wivu walikiri. Aliposhika kipaza sauti aliutafuta uso anaoujua, akamwona Mwenyekiti safu ya mbele ndani ya gauni ambalo yeye mwenyewe alilinyoosha, akatulia. Akawaeleza jinsi mvua ilivyonyesha siku Mgeni alipokuja. Akawaeleza methali. Wageni wazito walicheka, wengine wakafuta macho, na kamera zikasogea.

"Na mzee mwenyewe, anaendeleaje leo?" aliuliza mshereheshaji, akimwekea mkono begani.

Watu wote wale, viti vyote vile vilivyovishwa vitambaa. Je, ungesema nini wewe?

"Ana nafuu," alisema Mama Pasi. "Tunashukuru."

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mwenyekiti hakupiga. Alikuwa ameshika mikono yake pajani, anazitazama kucha zake mwenyewe. Lakini alipoitwa jina alisimama, akapanda, akapokea ubao wa mbao nzito wenye bamba la shaba, na alipotakiwa aseme juu ya kijana wake aliyekufa akitafuta pumzi, akasema. Kwa mara ya kwanza aliisimulia habari ile yote. Wakampigia makofi tena.

Kwenye mlango wa nyuma Mama Pasi alipewa bahasha ya nauli na kurudishiwa simu. Hakuiwasha, mikono yake ilikuwa imejaa. Alikuwa amefunga chakula cha sherehe ndani ya vitambaa vya karatasi, kipande cha keki juu, kwa ajili ya mgonjwa, kwa kuwa tangu juzi alikuwa akitamani kitu kitamu. Ndani ya gari alimshika Mgeni kwa mkono mmoja asiyumbe kwenye kona. Alikuwa na furaha. Jambo hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe, kwamba njia nzima alikuwa na furaha.

Gari lilipoingia uchochoroni aliona viatu. Ndala, viatu vya kazi, viatu vya watoto, vimejaa mlangoni kwake hadi kwenye ngazi. Watu hawavui viatu vingi hivyo mlangoni kwa mgonjwa.

Dereva naye aliviona. Alizima injini, akabaki ameshika usukani.

*

Mwenyekiti alikuja kesho yake asubuhi, kwa miguu, na nguo zake za sokoni. Akina mama walimpisha mkekani. Ubao wa tuzo alikuwa ameufunga kwenye kanga, ile ile ya kumbebea Mgeni.

"Hii ni yake," alisema, akauweka mbele ya mjane. "Si yangu. Sina haki nayo."

Hakuna aliyenyoosha mkono kuuchukua. Ubao ulilala mkekani ukiwa na maandishi yake ya kung'aa: KWA KUJALI UHAI WA WOTE KWA USAWA.

"Tuliahidiwa gari la pili," alisema mratibu aliyekuwa amesimama ukutani, macho yamevimba kwa kulia. Kulia kwake kulikuwa kwa kweli, na hakukumsaidia mtu. "Tunafanya uchunguzi. Na mzee mwenyewe alisema... wote mlisema..."

"Tulisema," alijibu msusi. "Na wewe dada, unazungumza Kiswahili?"

Mratibu aliinamisha kichwa.

"Basi ulijua."

Mwenyekiti alisogea akaketi sakafuni, nje ya mkeka, mahali wanapokaa wadaiwa.

"Niliona kucha zake," alisema kwa sauti ya chini, kwa Mama Pasi peke yake ingawa wote walisikia. "Siku ile. Niliziona. Nilihesabu mashine tano, nikatazama dirisha."

Watu walisubiri Mama Pasi apige kelele. Alistahili; wangemsamehe hata kama angemrushia ubao ule. Lakini alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Na mimi niliziona," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa nazisugua kwa mafuta, nikijiambia ni baridi."

Wakakaa hivyo. Nje, mtu wa kikundi alikuja kuuliza kwa kunong'ona kama Mgeni anaweza sasa kusindikizwa kwa mtoto wa fundi viatu, maana mtoto amezidiwa. Wote walimsikia. Akina mama wakamzomea kwa macho. Mama Pasi alinyanyuka mwenyewe, akachukua waya, akaukunja.

"Mchukueni," alisema. "Huo utepe mfungueni kwanza."

*

Mashine zilikuja, tena kabla ya mwaka kwisha. Hazikuwa tano, zilikuwa tatu, lakini nzima, mpya, na zinanguruma taratibu kuliko Mgeni. Watu waliokuwa wakifa sasa hawakufa. Mtoto wa fundi viatu anacheza mpira. Mwandishi wa hadithi hii hana ubavu wa kusema hilo ni dogo, na Mama Pasi hakuwa nao pia, na hapo ndipo uchungu wake ulipokosa pa kuegemea.

Moja ya mashine mpya, mtaa uliipa jina Fundi. Walifanya hivyo kwa nia njema, kwa heshima. Mama Pasi alikwenda dukani kununua sabuni, akasikia nyuma yake mtu akiuliza, "Fundi yuko kwa nani sasa hivi?" Na mwingine akajibu, "Yuko kwa bibi wa kona. Anaendelea vizuri." Alirudi nyumbani bila sabuni.

Alirudi kwenye pasi ya umeme. Tokeni sasa zilitosha. Alihitaji kitu cha kuiwekea asiunguze meza, na ubao mzuri mgumu haukuwa mbali. Ukiingia kwake utaiona hapo hapo, pasi imekaa juu ya bamba la shaba, na bamba limefanya weusi wa moto unaopita katikati ya maandishi.

Mwenyekiti aliiona siku alipokuja na mratibu. Tangu msiba alikuwa amepungua mwili, na hakukubali tena kuitwa popote penye kipaza sauti. Mratibu alivua viatu mlangoni. Alikuja kuomba jambo dogo: wafadhili wangetembelea kikundi wiki ijayo, wazione mashine, na wangefarijika sana kumsalimia mama, kama ana nguvu. Lakini kwanza ilibidi amsalimie yeye mwenyewe, kwa kuwa ni msichana mwenye adabu.

"Mama, habari za hapa? Mnaendeleaje?"

Msusi, aliyekuwa akimsuka mteja kwenye kizingiti, alisimamisha vidole. Mteja naye akageuza shingo. Mama Pasi alimaliza kola ya shati aliyokuwa nayo, upande wa ndani, kisha wa nje. Akaiweka pasi juu ya tuzo.

"Vibaya," alisema.

Mratibu alifungua mdomo. Neno la kufuata, lile ambalo sote tunalo tayari ulimini, halikuwepo. Alisubiri labda mama ataongeza, lakini tunashukuru. Mama Pasi hakuongeza. Alikuwa akimtazama usoni, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa swali akalijibu, na sasa anangoja kuona aliyeuliza atafanya nini na jibu lake.